Kipuri Kipya, Ugonjwa Ule Ule: Unapobishana na Gereji Kuhusu Malipo



Nimekuja kuzungumza nanyi kuhusu jambo ambalo kila mwenye gari amelionja au atalionja: gari limepelekwa gereji, fedha zimelipwa, na baada ya siku chache ugonjwa ule ule umerudi. Fundi anasema alifanya kazi yake. Mwenye gari anasema hakutengenezewa kitu. Kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake ni mwongo. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba mara nyingi hakuna mwongo kati yao. Kuna mapatano ambayo hayakusemwa waziwazi tangu mwanzo.

Naomba nianze na kisa cha nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa akisambaza maziwa mjini Nakuru kwa gari dogo la mizigo. Nilipokuwa chuo kikuu, gari hilo lilianza kuchemka. Alilipeleka kwa gereji moja ambayo sitaitaja jina. Fundi alifungua boneti, akatazama, akasema rejeta imeziba na themostati imekufa. Vyote viwili vikabadilishwa. Mama akalipa shilingi 38,500, akaambiwa, "Mama, sasa gari ni zima." Siku ya kumi na moja gari likachemka tena njiani, likiwa limebeba maziwa ya asubuhi. Safari hii gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua na maji yameingia kwenye oili. Gereji ikasema huo ni ugonjwa mwingine, ikataka shilingi 45,000 zaidi.

Mama alikataa. Naamini hata leo kwamba alikuwa na haki ya kukataa. Hata hivyo tulishindwa, kwa kuwa hatukuwa na kitu cha kuweka mezani. Hatukuwa na makadirio ya gharama yaliyoandikwa. Vipuri vya zamani vilikuwa vimetupwa. Hakuna aliyekuwa ameandika kilomita. Kisha, kwa hasira, tukalivuta gari hadi kwa fundi mwingine, naye akaifungua injini siku iyo hiyo kabla mtu yeyote hajaandika alichokiona. Tulipomuuliza baadaye kama gasketi iliharibika kabla ya matengenezo ya kwanza au baada yake, alitujibu kwa unyofu kwamba hawezi kujua tena. Mama alilipa mara mbili. Hoteli mbili alizokuwa akizipelekea maziwa zikahamia kwa msambazaji mwingine.

Ulinunua nini?

Swali linaloamua migogoro hii ni moja: ulinunua nini kwa fundi? Ulinunua kipuri, au ulinunua uponyaji?

Ukimwambia fundi, "Nibadilishie themostati," naye akafunga themostati nzuri kwa namna inayofaa, amekamilisha alichoombwa hata kama gari litaendelea kuchemka. Wewe ndiwe uliyekuwa daktari. Yeye alitoa dawa uliyomwandikia. Lakini ukimwambia, "Gari hili linachemka likipanda mlima, tafuta sababu na uliponye," naye akakubali, akapima, kisha akakushauri nini kibadilishwe, hapo hukununua kipuri peke yake. Umenunua pia upimaji wake na ujuzi wake. Injini huchemka kwa sababu nyingi: rejeta iliyoziba, themostati iliyokwama, pampu ya maji iliyochoka, feni isiyozunguka, au gasketi iliyopasuka inayopitisha hewa ya moto kwenye maji. Fundi makini hupima shinikizo la mfumo wa maji na mgandamizo wa silinda kabla ya kutaja kipuri. Fundi asiyepima hubahatisha, na gharama ya kubahatisha haifai kubebwa na mteja.

Kwa hiyo, ndugu zangu, unapofika gereji, eleza dalili. Usitaje kipuri, isipokuwa una hakika nacho. Kisha muulize fundi swali hili: "Tutajuaje kwamba gari limepona?" Huenda akasema mtaliendesha pamoja hadi kilima fulani na kurudi. Andikeni hivyo. Mkishapatana kuhusu kipimo cha kupona, mmeondoa nusu ya ugomvi wa kesho.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaenda mbali zaidi: ina sehemu nzima inayohusu matengenezo ya magari na vitu vingine. Nitayataja mambo matano.

Kwanza, unastahili kupewa makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza, na makadirio yakishatolewa, gereji haina ruhusa ya kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake. Pili, kazi isiyoidhinishwa nawe haikupasi kuilipia. Fundi akigundua tatizo jipya, akupigie simu kwanza. Tatu, vipuri vilivyotolewa ni vyako, na unaweza kuvidai. Nne, unastahili ankara inayoeleza kazi iliyofanyika na vipuri vilivyofungwa. Tano, fundi huhesabiwa kuwa amevidhamini vipuri alivyovifunga pamoja na kazi ya kuvifunga, hata kama hakutamka neno "dhamana". Dhamana ya namna hiyo hupimwa kwa muda na kwa kilomita. Ndiyo maana nawasihi mwandike kilomita za gari siku linapoingia gereji na siku linapotoka.

Sheria hiyo pia inahesabu kuwa ni udanganyifu kumwambia mteja kwamba kipuri au matengenezo fulani yanahitajika ilhali hayahitajiki.

Najua baadhi yenu mnasema moyoni, "Kijana huyu anazungumza habari za gereji kubwa zenye vioo. Fundi wangu yuko chini ya mti, hana ankara wala muhuri." Mafundi wa jua kali ndio wanaotengeneza magari ya wengi wetu, na wengi wao ni mahodari. Hawahitaji muhuri. Mtumie ujumbe wa simu: "Fundi, tumepatana urekebishe gari kuchemka, bei shilingi 38,500 pamoja na vipuri, kilomita 164,210, vipuri vya zamani nitavichukua." Naye akijibu, "Sawa mama," mmeandikiana mkataba. Ukilipa kwa M-Pesa badala ya fedha taslimu, malipo nayo yamejiandika yenyewe.

Ugonjwa ukirudi

Tuseme sasa gari limekuharibikia tena. Hapa ndipo sisi tulipokosea, na ningependa ninyi msikosee.

Jambo la kwanza ni kusimama. Sindano ya joto ikipanda, egesha gari na uzime injini. Ukiendelea kuendesha hadi nyumbani, uharibifu utakaotokea njiani huenda ukahesabiwa kuwa ni wako, na gereji itakuwa na hoja ya haki. Sheria hutarajia mwenye kudai hasara afanye anachoweza ili hasara isikue.

Jambo la pili ni kuandika. Piga picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita na sindano ya joto, na ya mahali maji yanapovuja. Andika tarehe, saa, na jinsi tatizo lilivyojitokeza.

Jambo la tatu ni kuiarifu gereji ile ile kwa maandishi na kuipa nafasi ya kulitazama gari. Wengi hawapendi ushauri huu. Wanauliza, "Nimrudishieje gari mtu aliyeliharibu?" Kuangalia si kutengeneza. Ukimnyima fundi nafasi ya kuona kazi yake, unampa sababu ya kusema kwamba lililoharibu gari ni jambo lingine. Mpe muda unaofaa, tuseme siku tatu au nne kwa gari la biashara, na mwambie kwamba hakuna cha kufunguliwa wala kutozwa kabla ya kuelewana.

Jambo la nne ni kumtafuta mtu wa tatu. Kama gereji inakataa lawama, liangaliwe na fundi asiyehusika kabla injini haijafunguliwa. AA Kenya, kwa mfano, hukagua magari kwa ada. Mkaguzi ayajibu kwa maandishi maswali matatu: Kuna kasoro gani sasa? Je, kazi ya kwanza ilifanywa inavyostahili? Je, kasoro ya sasa ingegunduliwa wakati ule na fundi aliyepima vizuri? Swali la tatu lina uzito mkubwa kuliko yote. Laiti sisi tungeliuliza siku ile, jibu lake lingeamua ni nani wa kulipa.

Gari likizuiliwa

Sasa tuje kwenye malipo yenyewe. Huenda hujalipa, na gereji inasema gari halitoki bila fedha. Fundi aliyetengeneza kitu na hajalipwa ana haki kisheria ya kukishikilia hadi alipwe kwa kazi aliyoagizwa. Haki hiyo haimruhusu kuzuia gari kwa ajili ya kazi ambayo hukuiagiza, lakini langoni pa gereji si mahali pa kuamua lipi ni lipi. Usiingie usiku na ufunguo wa akiba. Usilipe kwa M-Pesa kisha ukaomba muamala urudishwe kwa kusingizia kwamba ulikosea namba. Matendo hayo yatakugeuza kutoka mdai kuwa mshtakiwa.

Fanya hivi. Gawa ankara mara mbili: sehemu unayoikubali na sehemu unayoipinga. Kama rejeta ilikuwa imeziba kweli na mpya imefungwa, hilo ni deni. Jitolee kulilipa mara moja. Sehemu unayoipinga, eleza kwa maandishi unaipinga kwa nini. Fundi akikubali kupokea sehemu ya kwanza na kukuachia gari, vyema. Akikataa, nawe unalihitaji gari kwa riziki ya kila siku, unaweza kulipa yote huku ukiweka pingamizi. Andika kwenye risiti, au katika ujumbe unaoutuma kabla ya kulipa: "Nalipa shilingi 45,000 ili nipate gari langu. Sikubali kwamba ninadaiwa fedha hizi, nami nitazidai." Anayelipa kimya anaweza kuambiwa baadaye kwamba aliridhika.

Kosa jingine ni kulitelekeza gari gereji kwa hasira. Ipo sheria nchini inayomruhusu mwenye gereji kuuza mali iliyoachwa bila kuchukuliwa, baada ya kutoa ilani inayotakiwa. Ukipokea barua ya namna hiyo, ijibu.

Barua ya madai

Mazungumzo yakishindwa, andika barua. Isiwe ndefu, wala isitukane. Nimewaandalia mfano:

"Kwa Meneja. Tarehe 3 Juni nililileta gari langu kwenu likiwa linachemka, nanyi mkakubali kutafuta sababu na kuiondoa kwa shilingi 38,500, ambazo nililipa tarehe 5 Juni. Tarehe 16 Juni, baada ya kilomita 620, gari lilichemka tena. Ripoti ya ukaguzi niliyoiambatisha inaeleza kwamba gasketi ilikuwa na kasoro ambayo ingeonekana kama mfumo wa maji ungepimwa. Naomba mchague moja: mrekebishe kasoro hiyo bila malipo ya kazi ndani ya siku 7, au mnirudishie fedha za kazi ya kwanza ambayo haikunifaa. Msipojibu ndani ya siku 14, nitapeleka madai yangu mahali panapohusika."

Tazameni kwamba barua hii haidai kila kitu. Rejeta mpya imo garini na inafanya kazi. Kudai bei yake yote huenda kusikubaliwe. Dai lenye kipimo husikilizwa. Kama umepoteza mapato, yataje, lakini uwe na daftari la mauzo la kuyathibitisha. Mama yangu alijua kwa kichwa kila lita aliyouza, lakini mwamuzi hawezi kusoma kilichomo kichwani mwa mtu.

Uende wapi?

Unaweza kuleta malalamiko kwa mamlaka zinazosimamia haki za watumiaji, hasa pale palipo na udanganyifu au desturi inayowaumiza wateja wengi. Lazima niseme wazi kwamba kazi ya mamlaka ni kuchunguza mwenendo wa mfanyabiashara na kuurekebisha. Unapotaka fedha zako, njia iliyo fupi ni Mahakama ya Madai Madogo.

Mahakama hiyo iliwekwa na sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya bidhaa na huduma na ya kurudishiwa mali inayohamishika, kama vile gari lililozuiliwa. Kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili, na mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo picha zako na ujumbe wako wa simu vina nafasi. Kumbuka pia kwamba gereji nayo inaweza kuleta madai kinzani kama kuna deni hukulilipa. Mahali ambapo mahakama hiyo haijafika, mahakama ya hakimu ipo. Dai la mkataba huweza kufunguliwa ndani ya miaka 6, lakini msingoje. Ushahidi wa gari huchakaa upesi kuliko gari lenyewe.

Haki ya fundi nayo

Sitakuwa nimesema kweli nikiwaacha mwone kwamba mteja hakosei. Ukinunua kipuri mwenyewe mahali pa bei nafuu ukamletea fundi akufungie, ubora wa kipuri hicho ni mzigo wako. Ukishauriwa kwamba pampu ya maji nayo ibadilishwe, ukasema fedha hazitoshi, usimlaumu pampu inapokufa mwezi unaofuata. Naye fundi ana haki ya kuandika kwamba alikushauri ukakataa. Gari lenye umri mkubwa linaweza kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja, na fundi mwadilifu aliyeponya la kwanza hastahili kuitwa mwizi kwa sababu ya la pili. Karatasi ninayowahimiza muiandike inawalinda nyote wawili.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama yangu bado anasambaza maziwa, kwa gari jingine. Ndani yake mna daftari lenye jalada la buluu. Gari likienda kwa fundi, daftari huenda nalo: dalili, bei, kilomita, kipimo cha kupona, na sahihi mbili. Nilidhani mafundi wangelichukia. Fundi wake wa sasa aliniambia kwamba ndilo jambo la kwanza analoliulizia gari linapofika, kwa sababu mteja mwingine aliwahi kumdai kazi ambayo hawakupatana kamwe, naye hakuwa na la kuonyesha.

Daftari kama hilo ni bei ya vikombe viwili vya chai. Nunueni moja kabla gari halijaharibika.